Ramani ya Bomba Isiwe Siri ya Ofisi

Miongoni mwa mambo ambayo mkazi wa mjini hupata habari zake akiwa amekwisha kuchelewa, bomba la maji machafu liko mstari wa mbele. Barabara huzungumzwa miaka mingi kabla ya katapila la kwanza kufika. Nguzo za umeme huonekana kwa macho zikisogea kutoka mtaa hadi mtaa. Lakini bomba la maji machafu hupita chini ya ardhi, na habari zake nazo zina tabia ya kupita chini kwa chini. Asubuhi moja wakazi huamka wakawakuta wapimaji wamesimama njia panda na darubini zao za miguu mitatu, alama za rangi nyekundu zimepigwa ukutani, na hapana hata mmoja, tangu mjumbe wa nyumba kumi hadi mwalimu mkuu wa shule ya jirani, awezaye kueleza alama hizo zina maana gani.

Hasara ya kutojua si ndogo. Chukua mfano wa mwalimu ambaye, baada ya miaka kumi na mitano ya kazi, amepata mkopo katika chama cha akiba na mikopo na kuanza kujenga kibanda chake pembezoni mwa Dar es Salaam. Fundi anamshauri achimbe karo nyuma ya nyumba, mahali penye nafasi. Anachimba, anajengea kwa tofali, anafunika kwa zege. Fedha ambayo ingetosha kuezeka inaingia shimoni. Mwaka unaofuata bomba kubwa la maji machafu linalazwa mbele ya nyumba hiyo hiyo. Sasa maji yote ya nyumba yanaelekea nyuma, na bomba liko mbele. Ili aunganishwe, hana budi kuvunja sakafu ya jiko na ya bafu, kugeuza mabomba ya ndani, na kulipa fundi mara ya pili. Akishindwa, huendelea kulipa gari la kunyonya karo kila lijaapo, huku bomba la umma likipita hatua kumi kutoka mlangoni kwake. Watu wa namna hii wako katika kila mtaa ambao bomba limepita, na wengi wao wangeepuka hasara yote kwa kuambiwa neno moja mapema.

Yafaa kukumbuka jinsi jiji lilivyofika hapo. Wakati wa ukoloni Dar es Salaam iligawanywa kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na mitaa ya Waafrika. Huduma nazo zilifuata mgawanyo huo, na mabomba ya maji machafu yalianzia katikati ya mji, yakimwaga baharini yaliyoyabeba. Baada ya hapo mtandao ulipanuliwa, na yakachimbwa mabwawa ya kusafishia maji machafu katika sehemu kama Vingunguti, Buguruni, Kurasini, Mikocheni, Lugalo na Chuo Kikuu. Lakini watu waliongezeka upesi kuliko mabomba. Sensa ya mwaka 1978 iliuhesabia mkoa wa Dar es Salaam watu 843,090. Sensa ya mwaka 2022 iliuhesabia watu 5,383,728. Kwa muda mrefu imekadiriwa kwamba waliounganishwa na mabomba ya maji machafu ni mkazi mmoja hivi katika kila kumi. Waliobaki hutumia mashimo.

Shimo si kitu cha kudharauliwa, na choo cha shimo kilichojengwa vizuri mahali penye ardhi kavu na nafasi ya kutosha humhifadhi mtu kwa miaka mingi. Tatizo ni kwamba sehemu kubwa ya Dar es Salaam haina nafasi hiyo, na mabondeni maji ya ardhini yako karibu mno na uso wa nchi. Masika yanapoingia, shimo lililochimbwa mita mbili hujaa maji kabla ya kujaa kinyesi. Hapo ndipo baadhi ya wenye nyumba hungoja mvua kubwa ya usiku, wakatoboa ukuta wa shimo na kuyaachia yaliyomo yaende na mafuriko. Watu wa mjini wana neno lao kwa kitendo hicho: kutapisha choo. Yaliyotapishwa hayapotei. Huingia mtaroni, yakafika Mto Msimbazi, yakapita Jangwani hadi Salenda, na njiani huacha sehemu yake katika visima vifupi na katika viwanja wanamochezea watoto. Wengine huwaita vijana waitwao vyura, wanaoshuka shimoni usiku na ndoo, pengine bila viatu wala glovu, na kukifukia kinyesi katika shimo jingine ua ule ule. Kazi hiyo ni ya hatari, nayo huendelea kwa sababu gari la kunyonya ni ghali au haliwezi kupenya vichochoroni.

Matokeo yanajulikana. Kipindupindu kilichoanza mwaka 1977 na kuenea mwaka 1978 kiliua watu wengi nchini. Kile kilichozuka Dar es Salaam mwezi Agosti mwaka 2015 kilisambaa hadi mikoa mingi ya Tanzania Bara, na waliougua walizidi 20,000. Mlipuko wa namna hiyo unapotokea, matangazo hutolewa mara moja, magari ya vipaza sauti hupita mitaani, shule huagizwa kuweka ndoo za maji ya kunawia. Juhudi hizo ni njema. Hata hivyo inashangaza kwamba taifa lililo hodari kiasi hicho wa kutangaza maradhi liwe zito kutangaza njia ya bomba ambalo lingeyazuia.

Ili kufahamu kwa nini habari za mapema zina thamani, hapana budi kufahamu bomba lenyewe linavyofanya kazi. Bomba la maji safi husukumwa kwa nguvu, na maji yake yanaweza kupanda kilima. Bomba la maji machafu kwa kawaida halisukumwi. Hutegemea mteremko tu. Likilazwa bila mteremko wa kutosha, maji hutangulia na uchafu mzito hubaki nyuma, ukaganda na kuziba. Kwa hiyo mhandisi hulianza juu na kulishusha kidogo kidogo, hatua kwa hatua, hadi kwenye bwawa au mtambo. Na pale ambapo ardhi inamkatalia hujenga kituo cha pampu, chenye gharama zake za umeme na matengenezo kila siku ya Mungu. Maana yake ni kwamba nyumba mbili zilizotazamana zinaweza kuwa na bahati tofauti. Iliyo upande wa juu huunganishwa kwa urahisi. Iliyo upande wa chini, ambayo chemba yake imechimbwa chini kuliko bomba la barabarani, huenda isiunganishwe kabisa, au ihitaji njia nyingine kupitia ua wa jirani.

Kwa sababu hiyo, swali ambalo watu wengi huuliza, yaani bomba litapita mtaani au halipiti, ni nusu tu ya swali. Mwenye nyumba anahitaji kujua litapita upande gani wa barabara na kwa kina gani, ili afananishe kina hicho na chemba yake au na msingi anaotaka kuujenga. Anahitaji kujua kama mradi uko katika hatua ya kufikiriwa, ya kuchorwa, au umekwisha kutiwa saini na mkandarasi, kwa kuwa kati ya mchoro na jembe inaweza kupita miaka kumi, na mtu asingoje kuchimba choo kwa ajili ya ndoto iliyo katika jalada. Anahitaji kujua ni nani atakayelipia kipande cha kutoka nyumbani kwake hadi bomba kuu. Tena ajue kwamba ankara ya maji machafu hukokotolewa kwa kufuata kiasi cha maji yaliyotumika, kwa hiyo matumizi ya maji nyumbani yataonekana katika ankara mara mbili. Na kama bomba linapita katika kiwanja chake, anastahili kuelezwa ni ukanda wa upana gani hauruhusiwi kujengwa, na haki yake ya fidia ni ipi.

Habari hizi zote zipo. Hazisubiri kuvumbuliwa. Zimo katika michoro na mikataba iliyogharimiwa na umma, ama kwa kodi, ama kwa mikopo ambayo wananchi hao hao watailipa. Mradi wa Mbezi Beach, kwa mfano, wenye mtambo wa kusafishia maji machafu Kilongawima na mtandao wa mabomba wenye urefu wa kilomita 100 hivi, haukuweza kuchorwa bila kupima kila mtaa unaohusika na kila mwinuko wake. Aliyepima anajua. Swali ni kama anayeishi hapo naye anajua.

Hapa ndipo urasimu unapojitokeza. Mwananchi anayefika ofisini kuuliza hujibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa, au kwamba mhusika yuko semina, au kwamba arudi Jumatatu. Akirudi Jumatatu huambiwa kwamba habari za mradi hutolewa makao makuu peke yake. Makao makuu humrudisha ofisi ya eneo lake. Mtu aliyepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, akakatwa siku ya kazi, hataenda mara ya tatu. Isitoshe, vyombo vyenyewe vimebadilishwa mara kwa mara. Mamlaka ya maji safi na maji taka ya Dar es Salaam iliundwa mwaka 1997. Uendeshaji ukakabidhiwa kampuni binafsi mwaka 2003. Mkataba ukavunjwa mwaka 2005 na likaundwa shirika la umma la kuendesha. Shirika hilo nalo likaunganishwa na Mamlaka mwaka 2018. Kila badiliko lilikuwa na sababu zake, lakini mwananchi aliyekwisha kuzoea mlango mmoja alilazimika kuanza kubisha mwingine.

Watumishi wanaoficha ramani wana hoja yao, na si haki kuipuuza. Husema kwamba njia ya bomba ikitangazwa mapema, madalali watapandisha bei ya viwanja, na wajanja watajenga vibanda juu ya mstari ili wadai fidia. Mambo hayo hutokea kweli. Lakini dawa yake si kuficha. Ramani iliyofichwa haifichiki kwa kila mtu. Hufichika kwa mwalimu, muuguzi na muuza samaki. Dalali mwenye jamaa ofisini huiona siku inapochorwa. Kama siri hiyo ingekuwa inawazuia walanguzi, wangekuwa wamekwisha kwisha. Vibanda vya kudai fidia hudhibitiwa kwa tarehe: eneo lihesabiwe na kupigwa picha siku inapotangazwa, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na wakazi, na kilichoota baada ya siku hiyo kisilipwe. Utaratibu huo hauwezekani pasipo tangazo.

Wala sheria haiko upande wa wafichaji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na wananchi washirikishwe. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa raia haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa chombo cha umma, na kinatakiwa kumjibu ndani ya siku 30. Bei za maji na maji taka huidhinishwa na Mamlaka ya Udhibiti, EWURA, baada ya mikutano ya taftishi ambayo mwananchi yeyote anaweza kuhudhuria na kusema. Silaha hizo zipo. Zimelala tu, kwa sababu barua moja yenye kichwa cha sheria, namba ya kiwanja, jina la mtaa na tarehe, iliyopigwa muhuri wa kupokelewa, huonekana kuwa ni usumbufu, na watu hupendelea kuuliza kwa mdomo dirishani, ambako jibu halina mwenyewe.

Hapo lawama huwageukia wasomi. Nani mtaani awezaye kuandika barua hiyo, kusoma mchoro, kutambua kwamba mistari ya mwinuko inaonyesha bonde liko wapi? Ni mwalimu na mtumishi wa Serikali. Lakini katika mikutano ya mtaa wao ndio huwa wachache. Mkutano huachiwa wazee na akina mama, na mtumishi hurudi jioni akauliza nyumbani walisema nini. Alama nyekundu zinapopigwa ukutani kwake ndipo hukasirika na kusema hakushirikishwa.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili walikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha mazingira yao. Vikundi vile havikuongozwa na wahandisi. Viliongozwa na watu wa pale pale, walimu wakiwamo, waliofundishwa kidogo na kukabidhiwa vitabu. Kazi ya leo ni ngumu zaidi kwa upande mmoja, maana bomba haliwezi kuchimbwa na kikundi. Ni rahisi zaidi kwa upande mwingine, maana anachotakiwa mtu ni kuuliza, kuandika na kuwasomea wenzake jibu.

Ushirikishwaji huo hauishii kwenye adabu ya kuambiana. Bila huo kazi yenyewe huharibika. Mwanza, katika vilima vya mawe kama vya Igogo na Mabatini, ambako gari la kunyonya haliwezi kupanda wala shimo haliwezi kuchimbika, yamelazwa mabomba membamba yanayopita kati ya nyumba na nyumba. Bomba la namna hiyo hupita uani kwa mtu, karibu na jiko lake na banda la kuku wake. Asipoelewa, atalikataa, na akilazimishwa, atalitupia mchanga. Kwa upande wa Dar es Salaam, ugonjwa mkubwa wa mabomba yaliyopo ni matumizi mabaya yanayotokana na kutojua. Wengi hudhani mtaro wa mvua na bomba la maji machafu ni kitu kimoja. Huelekeza maji ya paa katika chemba, na mvua ikinyesha chemba za mtaa wa chini hufumuka na kumwaga kinyesi barabarani. Wengine hutia mafuta ya kupikia, matambara na mabaki ya sokoni. Tena wapo vishoka, mafundi wasio na kibali, wanaotoboa bomba usiku kwa bei ya chini, wakaliingiza la nyumbani kinyume cha mteremko. Mwenye nyumba hudhani amepata nafuu hadi siku maji ya jirani yanaporudi bafuni kwake.

Mwalimu wa sayansi ana somo zima hapo, na hahitaji maabara. Katika mabwawa kama ya Vingunguti, maji machafu hukaa siku nyingi yakipita kutoka bwawa lenye kina kirefu hadi lenye kina kifupi. Uchafu mzito hutuama na kuozeshwa na vijidudu. Mwani hukua na kutoa hewa. Jua na muda huua vijidudu vingi vya maradhi. Darasa lililokwisha kuelezwa hayo litajua pia kwa nini mwani haufanyi kazi pale bwawa linapojaa mchanga na mifuko ya plastiki, na watoto watayarudia maneno hayo nyumbani kwa sauti ambayo hakuna ofisa wa afya awezaye kuifikia.

Yanayodaiwa kwa mamlaka za maji za miji hayahitaji fungu jipya la fedha. Kabla ya zabuni ya bomba lolote la maji machafu kutangazwa, karatasi moja ya ramani, iliyoandikwa kwa Kiswahili, ibandikwe katika ofisi ya Serikali ya Mtaa, shuleni na katika zahanati ya eneo hilo. Ionyeshe barabara zitakazopitwa kwa majina ambayo wakazi wenyewe huyatumia, na upande wa barabara, na kina cha bomba katika kila njia panda. Itaje mahali maji yatakapoishia. Iseme mradi umefika hatua gani na fedha yake imekwisha kupatikana au bado, bila haya, hata kama jibu ni bado. Iwekwe bei ya kuunganishwa, na jina la cheo cha ofisa anayejibu maswali, na siku za juma ambazo anapatikana. Kisha mhandisi, au fundi mchundo wake, aje katika mkutano wa mtaa jioni moja, watu wakiwa wametoka kazini, atembee nao kwa miguu kutoka mwanzo wa mstari hadi mwisho wake. Vibali vipya vya ujenzi navyo vitolewe na halmashauri ramani hiyo ikiwa mezani, ili anayejenga mwaka huu aambiwe aelekeze mabomba yake upande gani. Masika huanza mwezi Machi, na anayetaka kuchimba karo kabla ya mvua anaagiza tofali Januari.